Kuishi na Mlio Usiokoma Masikioni



Wengi wenu mnaujua mlio wa masikioni. Kabla dawa ya artesunati haijaanza kutumika, mgonjwa wa malaria kali alitundikiwa dripu ya kwinini. Haukupita muda mrefu masikio yakaanza kuvuma, na wauguzi akawasikia kwa mbali ingawa wamesimama kando ya kitanda. Dozi ilipokwisha, mvumo nao ukaisha. Leo nawazungumzia wale ambao kwao hauishi.

Kila sikio huzaliwa na takriban seli 15,000 za kusikia, na zinazokufa hazioti tena. Huuawa na kelele, uzee, na baadhi ya dawa, zikiwemo sindano za kanamaisini na streptomisini walizochomwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu. Ubongo, ukikosa taarifa uliyoizoea, huongeza usikivu wake hadi ukasikia shughuli zake wenyewe; huo ndio mlio. Ndiyo maana wapo waliokatwa mshipa wa kusikia wakati wa kuondolewa uvimbe, na mlio ukabaki.

Hata masikio mazima yana sauti zake. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopenywa na sauti. Asilimia 94 walisikia milio.

Kinachonigusa zaidi ni hiki: tukiupima, mara nyingi mlio hulingana na sauti hafifu, desibeli chache tu juu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia mgonjwa. Lakini mwenyewe hajalala wiki nzima. Sisemi anatia chumvi. Mtafiti Pawel Jastreboff alieleza mwaka 1990 kwamba mateso huja ubongo unapoipokea sauti hiyo kama hatari, ukawa unaivizia usiku na mchana. Basi tiba kubwa ni kuuondolea ubongo hofu hiyo, na hilo hufundishika.

Fundi mmoja wa mashine ya kuranda mbao alinijia amejaza pamba masikioni, hata nyumbani. Kazini anahitaji kinga, tena kinga ya kweli, si pamba. Nyumbani ukimya ulikuwa unaukuza mlio. Tulimwekea kifaa cha kusaidia kusikia; usiku akawa anawasha feni au redio kwa sauti ya chini, chini kuliko mlio wenyewe, asiufunike. Mshauri nasaha alimsaidia kuipinga fikra iliyokuwa ikimkosesha usingizi, kwamba anapata wazimu. Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza mlio ukoje. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwanza, ndipo akajibu: "Upo."

Kidonge cha kuuzima hatuna, na wanaouza matone ya kuuponya wanawalia watu fedha zao. Ila mlio wa sikio moja tu, unaodunda pamoja na moyo, au ulioanza na uziwi wa ghafla, usingojewe. Huo wa ghafla ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi wanafunzi wa udaktari, nawasihi: msimwambie mtu "hakuna dawa, zoea tu" kisha mkamwita anayefuata. Kuzoea kunataka msaada. Chungulieni sikio, huenda ni nta. Pimeni usikivu. Ulizeni ametumia dawa gani, anafanya kazi wapi, na usiku analala saa ngapi.