Mahakama ya Juu ilisema nini hasa kuhusu hukumu ya kifo?

Mimi nasomea sayansi ya siasa, si wakili, kwa hivyo mwenye kesi yake aende kwa wakili. Nataka tu tuongee juu ya maneno ambayo hayakusemwa. Mjadala wowote ukigusa usalama, hamkosi mtu wa kuuliza, "Kwani korti si ilifuta hukumu ya kifo?" Upande wa pili nao unajibu kwamba majaji ni marafiki wa wahalifu. Wote wanabishana juu ya kitu ambacho hakipo.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi inayojulikana kama Muruatetu, Mahakama ya Juu ilichunguza kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kilimwambia jaji: ukishampata mtu na hatia ya mauaji, adhabu ni kifo, basi. Mama aliyemuua mume baada ya miaka ya kipigo na jamaa aliyelipwa kuua, wote kamba moja. Kuomba huruma kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Jaji anasikiza, anaandika, kisha anatamka kifo kwa sababu hana lingine la kutamka. Huko kumfunga jaji mikono ndiko kulikopatikana kuwa kinyume cha Katiba. Kifo chenyewe kilibaki, na kiko hadi leo, ingawa hatujanyonga mtu tangu 1987. Jaji anaweza kukitoa, ila halazimiki.

Hapa ndipo mambo yalipochanganyika. Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinasema mahakama zingine zote zifuate uamuzi wa Mahakama ya Juu. Zikafuata, na zingine zikapitiliza. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu, ambao pia adhabu yake ni kifo, wakaomba wapunguziwe na baadhi yao wakapunguziwa. Waliopatikana na hatia ya kunajisi watoto nao wakapitia mlango uo huo.

Mnamo 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa mwongozo: tulizungumzia mauaji peke yake, mwenye shida na sheria nyingine aanzie korti za chini apande hadi kwetu. Kisheria naona walikuwa sawa. Lakini jameni, zaidi ya miaka mitatu na nusu! Chukua wafungwa wawili wa wizi wa mabavu, seli moja. Faili ya mmoja ikisikizwa 2019, anaweza kutoka. Ya mwenzake ikikwama hadi Agosti 2021, mlango umefungwa.

Na bado haikuisha. Julai 2024 ilikuja kesi ya mtu aliyefungwa miaka 20 kwa unajisi. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imempunguzia hadi 15. Mahakama ya Juu ikairudisha 20, kwa kuwa kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge katika Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 bado kinasimama. Kwa familia ya mtoto, miaka hiyo mitano si hesabu ya darasani.

Kesi za madai nazo hupotoshwa vivyo hivyo. Januari 2023 ulitoka uamuzi wa mali ya ndoa, na mitandaoni tukaambiwa ati mke sasa hapati kitu. Walichosema ni kwamba usawa wa kifungu cha 45(3) hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake, na kulea watoto na kazi za nyumbani ni mchango. Na katika kesi hiyo hiyo, baada ya kupima ushahidi, mgao uliobaki ni nusu kwa nusu. Hiyo sehemu sikuiona ikisambazwa.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu kulaumu korti kwa adhabu ya wizi wa mabavu, iwe anaiona kali au laini, muulizeni atapeleka mswada gani Bungeni. Kifungu cha 296(2) bado kinasema kifo, na kiliandikwa na wabunge.

Haya, nani ana swali?