Kikohozi cha Mbwa

Sisi wa Chekereni tufugao mbwa watatu wanne, akikohoa mmoja kama aliyekwamwa na mfupa twamtenga, na chombo chake cha maji mbali, wala hatumfungi kamba shingoni. Wenziwe tuwaangalie siku 14, kwani ugonjwa huenda kwa pumzi. Wengi hupona katika majuma 3. Kitoto kihemacho kwa shida kipelekwe upesi kwa bwana mifugo.

Lakini mtu asitie mkono kinywani kutafuta mfupa! Mwenye kichaa naye hubadilika sauti, akatokwa na mate, na mate yale huua. Aliyeyagusa na aoshe kwa sabuni na maji robo saa, kisha aende hospitali siku iyo hiyo akachomwe sindano.