Cheti Kwanza, Nywila Baadaye



Katika vyuo na ofisi nyingi, Waifai haina nywila moja inayogawiwa watu wote. Kila mtu huingia kwa jina na nywila yake mwenyewe. Mfano ni eduroam, mtandao wa vyuo vikuu unaopatikana katika nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Uganda. Mara nyingi nywila hiyo ndiyo pia inayofungua barua pepe na kumbukumbu za masomo au kazi. Anayeiiba huiba mengi.

Jina la mtandao si ushahidi. Mtu yeyote aweza kukipa kifaa chake jina hilohilo, akaketi karibu na lango na kusubiri simu zijiunge. Kinachomtofautisha mwenyeji na mwigaji ni cheti cha usalama: kitambulisho cha seva, ambacho simu hukikagua kabla ya kukabidhi siri yako.

Kwa hiyo, zingatieni mambo manne.

Kwanza, pokea cheti kutoka kwa mwenye mtandao: kitengo chake cha TEHAMA au tovuti yake rasmi. Usikichukue katika ujumbe unaosambazwa makundini.

Pili, simu za Android kuanzia toleo la 11 kwa kawaida hutenganisha cheti cha Waifai na cheti cha mamlaka ya utoaji vyeti. Chagua cha Waifai. Hicho kingine kikitoka kwa mtu mbaya, chaweza kumwezesha kusoma hata mawasiliano yaliyofungwa. Ndiyo maana simu hukuonya kabla ya kukipokea.

Tatu, jaza jina la kikoa cha seva kama ulivyoelekezwa, wala usichague kutothibitisha cheti. Simu utaunganishwa upesi, lakini hutajua umeunganishwa na nani. Kwenye iPhone, cheti kikionyeshwa, linganisha jina lake na ulilopewa ndipo ukubali.

Nne, mkahawa au kituo cha mabasi kikikutaka uweke cheti ili upate intaneti ya bure, kataa. Huduma ya namna hiyo haikihitaji.

Na ikiwa umekwisha kuingiza nywila katika mtandao unaoutilia shaka, ibadilishe leo hii kwa kutumia mtandao mwingine, kisha ukitaarifu kitengo husika. Kuchelewa ndiko kunakomnufaisha mwizi.