Ukarabati wa Nyumba Iliyowekwa Rehani

Deni la shilingi 2,000,000, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, hudai riba ya shilingi 20,000 mwezi wa kwanza. Mwanachama akirejesha 70,000, deni hupungua kwa 50,000. Akiruka mwezi ili anunue rangi, riba haimngoji. Na nyumba ikinadiwa, rangi hiyo hunadiwa pamoja nayo.

Basi akiba ya marejesho ya miezi mitatu, yaani shilingi 210,000, isiguswe, hata fundi akisihi (na mafundi hujua kusihi). Kinachozidi kianze na paa kabla ya masika, kwani maji yanayopenya huozesha kenchi na kubandua plasta. Sakafu ingoje mavuno. Mume na mke walione daftari la akiba kabla fundi hajaitwa.