Damu na Jiko la Makaa



Mtu avutapo pumzi, hewa haiishii mapafuni. Sehemu yake iitwayo oksijeni hupenya kuta nyembamba za mapafu na kuingia katika damu, ambamo hupokewa na wapagazi. Wapagazi hao ni chembe nyekundu. Katika tone dogo la milimita moja kila upande zimo kama 5,000,000, nazo zimejaa hemoglobini, kitu chenye chuma ndani yake, ambacho ndicho kiipacho damu rangi.

Kuchukua mzigo si ajabu. Ajabu ni kuutua panapostahili, kwani mpagazi huyu hakupewa barua wala hajui njia. Mwaka 1904, huko Copenhagen, Christian Bohr na wenzake walionyesha siri yake. Mahali penye kaboni dayoksaidi nyingi, yaani hewa chafu itokayo katika mwili ufanyao kazi, damu hulegeza mkono na kuiachilia oksijeni. Basi mtu akilima, mkono ushikao jembe hupata zaidi kuliko sikio lake.

Sasa fikirini habari ya jiko. Wakati wa baridi, hasa mwezi wa Julai katika nyanda za juu, wako watu waingizao jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. (Wengi hudhani kwamba pasipo moshi hapana hatari, kosa ndilo hilo.) Hemoglobini huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hukaa mahali pa mzigo, haishuki upesi. Tena huwafanya wapagazi washikilie hata oksijeni kidogo waliyo nayo, wasiitue. Mtu anavuta pumzi, damu yake ni nyekundu, na huku ubongo unakosa chakula chake.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aonaye hivyo na atoke nje mara moja. Aliyezimia achukuliwe nje, kisha apelekwe hospitali. Katika hewa ya kawaida sumu hiyo hupungua nusu kwa muda wa saa nne au tano. Akipewa oksijeni tupu, kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Na makaa yaliyofunikwa kwa majivu yangali yakiitoa.