Tuwasaidie Vijana Wetu Kujipanga

(Mazungumzo na wazazi na walezi katika semina ya familia ya siku moja)

Tunaona akina mama wamejaa ukumbi na akina baba ni watano. Hao watano tunawaomba wasikilize kwa niaba ya wale waliobaki.

Katika kazi yetu ya jamii, lalamiko tunalolisikia zaidi kuhusu vijana wa miaka 13 hadi 18 si pombe, wala si mapenzi. Ni hili: "Huyu mtoto hana mpango." Kitabu kimepotea. Soksi moja haionekani. Barua ya mwalimu inapatikana mfukoni baada ya mkutano kupita. Na saa 3 usiku, maduka yakiwa yamefungwa, ndipo anakumbuka: "Mama, kesho tunatakiwa kubeba gundi na karatasi ya manila." Mnacheka kwa sababu mnajua.

Hebu tuwaeleze habari ya kijana mmoja wa Gredi ya 8. Mama yake alimleta ofisini kwetu na barua ya shule mkononi: kijana hamalizi kazi ya ziada, anapoteza vitabu, na asirudi darasani bila mzazi. Mama alikuwa ameshachoka. Alisema ni afadhali mtoto aache shule, aende gereji akajifunze kazi, kuliko yeye kuendelea kutupa pesa. Kijana mwenyewe alikuwa anaangalia sakafu.

Tulimwomba atoe kila kitu kilichokuwa ndani ya mkoba, akiweke mezani. Vikatoka vitabu vitatu, kimoja cha dada yake. Madaftari mawili yasiyo na jalada. Kipande cha chapati ndani ya gazeti. Chaja isiyo na simu. Na karatasi za shule zilizokunjamana, nyingine za muhula uliopita. Tukamwuliza mama: "Nyumbani, vitabu vyake hukaa wapi?" Mama akanyamaza. Ni chumba kimoja, watu sita. Vitabu hukaa kitandani mpaka mtu atake kulala, kisha mezani mpaka chakula kiive, kisha juu ya gunia la mahindi.

Basi sisi wenye diploma tukafanya tulivyofundishwa. Tulichukua rula na kalamu za rangi tukamchorea ratiba nzuri ajabu: saa 11 kufika nyumbani, saa 11:30 kazi za nyumbani, saa 1 hadi saa 3 usiku kusoma. Tukaibandika ukutani kwao. Baada ya wiki mbili barua nyingine ikatoka shuleni. Hakuna kilichobadilika.

Tulikasirika kidogo, tunakiri. Halafu tukafanya jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo. Tulimpa kijana daftari, aandike kwa siku tatu kila anachofanya tangu atoke shule mpaka alale. Hapo ndipo tulipoona. Taa ya sola nyumbani ni moja, na kila jioni mama huenda nayo barabarani anakouza samaki wa kukaanga mpaka saa 3. Yaani zile saa mbili tulizomchorea za kusoma, kijana alikuwa anakaa gizani. Kwa nini hakusema? Alituambia baadaye kwamba hakutaka mama yake aonekane mbaya mbele ya watu wa ofisi.

Tukaketi upya, na safari hii kalamu ikawa mkononi mwake. Mwanga wa mchana unatosha mpaka kama saa 12:30. Kwa hiyo kusoma kukasogezwa mbele, mara tu anapofika na kunywa chai. Lakini saa hizo ndizo za kuchota maji kwenye kioski. Nani atachota? Alikuwepo kaka mkubwa, amemaliza shule, na kwake yeye maji ni kazi ya watoto. Mazungumzo na huyo kaka yalichukua muda mrefu kuliko ratiba yote, na aliyeyamaliza ni mama, si sisi. Siku ambazo mambo yanaharibika, kijana humfuata mama barabarani, anakaa juu ya kreti, anaandika kando ya samaki. Daftari linanuka mafuta, lakini limeandikwa.

Na wasichana je? Hapa tuseme wazi. Msichana wa umri huo huo anafika saa 11, anaosha vyombo, anakatakata sukuma wiki, anasonga ugali, anamwogesha mdogo wake, anapiga pasi sare. Anafungua kitabu saa 3 na kulala juu yake. Ndugu yake yuko kwa jirani anatazama mpira. Halafu tunasema huyu msichana hana mpango! Mpango wa nyumba nzima uko kichwani mwake, ila wake mwenyewe haumo. Mkirudi nyumbani, wapeni watoto wote zoezi la siku tatu, kisha wekeni karatasi ya mvulana na ya msichana pamoja mezani. Akina baba watano, karatasi hizo someni nyinyi.

Vifaa si vya gharama. Yule kijana alipewa katoni tupu ya sabuni, ikawekwa chini ya kitanda, na nyumba nzima ikakubaliana kwamba haiguswi. Ana kidaftari kidogo cha kuandikia kazi aliyopewa na siku inayotakiwa, kwa sababu kichwa hakiaminiki. Jumapili jioni mkoba unamwagwa wote. Karatasi ya kusainiwa inapewa mzazi, takataka zinatupwa, na anatazama wiki inayokuja. Kama kuna mradi wa Ijumaa unaohitaji manila, mzazi anaambiwa Jumapili, si Alhamisi usiku. Shule nyingine siku hizi hutuma kazi kwa simu ya mzazi, na mzazi mwenyewe anarudi usiku. Hapo mzazi ndiye wa kujipanga. Ongeeni na mwalimu aiandike pia ubaoni.

Cheti cha kuzaliwa kihifadhiwe na mzazi ndani ya mfuko wa plastiki, mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja. Tumeona familia ikikitafuta wiki ya usajili wa mtihani, godoro limepinduliwa.

Lakini tusiwafanyie kila kitu. Tunamjua mama anayempangia mkoba mvulana wa kidato cha nne! Mwanzoni panga naye. Kisha apange yeye, wewe ukitazama. Baadaye muulize mara moja kwa wiki tu, na akisahau, aende aeleze mwenyewe kwa mwalimu. Inauma kumwona, lakini mwache aende.

Kuhusu kiboko na matusi. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na nyumbani pia havijamfundisha mtu kutunza daftari. Wataalamu wanatueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kwa hiyo kijana mwenye mwili wa mtu mzima bado anahitaji kukumbushwa. Anahitaji pia kulala saa 8 hadi 10, na simu chini ya blanketi haimruhusu. Simu zote zilale mahali pamoja, ya baba ikiwemo.

Wapo wachache ambao hata baada ya haya yote wanasahau, hawatulii, hawafuati maelezo. Msiwaite wavivu kabla hamjapima macho na masikio. Kaunti zina vituo vya tathmini ya kielimu, vinavyojulikana kama EARC. Mwalimu mkuu anaweza kuwaelekeza.

Yule kijana sasa yuko Gredi ya 9. Mwezi uliopita alipoteza seti ya jiometri. Alikuja mwenyewe kutuambia, na tayari alikuwa ameandika kwenye kidaftari siku ya kununua nyingine na pesa zitatoka wapi: atamsaidia mama kuparua samaki Jumamosi mbili. Mama amekubali, ila anasema anaparua vibaya.

Sasa tunapitisha karatasi. Kila mmoja aandike jioni ya jana nyumbani kwake, saa kwa saa: nani alifanya nini, na taa ilikuwa wapi. Asiyeandika asaidiwe na jirani. Tuna dakika 20 kabla ya chai.