Kupima Mtoto Si Kumhukumu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katibu wetu aliniomba niseme machache juu ya mitihani ya watoto shuleni. Mimi si mwalimu. Ni mtu wa reli, na elimu yangu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Lakini pesa za shule natoa kama ninyi, na karatasi za mitihani naletewa nyumbani kama ninyi. Basi yatupasa tukielewe kitu hiki tunachokilipia.

Nianze na kazi tunayoijua. Kabla ya treni kuondoka stesheni, breki hupimwa. Hewa hutiwa katika bomba toka injini hata behewa la mwisho, breki hufungwa na kufunguliwa, na mtu hutazama kama zinashika. Behewa lisiloshika hutengenezwa, ama hutolewa katika safu. Hakuna mtu anayelipiga behewa hilo, wala anayelitangaza kuwa ni la 40 kati ya mabehewa 40. Lapimwa ili litengenezwe. Tena lapimwa kabla ya safari, kwa maana kufika Voi ndipo ujue kwamba breki hazikushika tangu Mombasa, ni kujua baada ya hasara.

Sasa, Ndugu, katika shule kuna kupima kwa namna mbili, na watu wengi huzichanganya.

Namna ya kwanza ni mtihani wa mwisho wa safari. Wazee wetu wa miaka ya 1950 walifanya KAPE. Wengine wakafanya CPE, mpaka 1984. Kisha ikaja KCPE, toka 1985 hata 2023. Mitihani hiyo ilikuwa na kazi yake: nafasi katika shule za sekondari zilikuwa chache, na ilibidi watu wachaguliwe. Hata fundi anayetaka cheti cha Gredi III, II ama I hufanya mtihani wa ufundi, nasi twakubali, kwa maana hatutaki mtu asiyejua waya atutengenezee umeme. Lakini mtihani wa Novemba hauwezi kumsaidia mtoto aliyepotea njia mwezi wa Februari. Humwambia tu kwamba alipotea.

Namna ya pili ni kupima njiani, siku kwa siku, mwalimu akifundisha. Hii ndiyo inayomfunza mtoto, nayo ndiyo tusiyoiulizia.

Nitawapa mfano. Mwalimu aandika ubaoni: 52 toa 17. Jibu ni 35. Watoto wawili waandika 45. Ukitia alama ya kosa kwa wote wawili ukaenda zako, umewapima lakini hukuwafunza kitu. Sasa waulize, "Ulifanyaje?" Wa kwanza asema, "Niliona 2 haitoshi kutolewa 7, basi nikatoa 2 katika 7, nikapata 5." Huyu hajui kukopa kumi hata kidogo. Wa pili asema, "Nilikopa kumi, nikapata 12, nikatoa 7." Huyu ajua kukopa, ila alisahau kwamba ile 5 imebaki 4. Jibu ni moja, ugonjwa ni mbalimbali. Wa kwanza afunzwe upya, pengine kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Wa pili akumbushwe tu. Na kama darasa zima limeandika 45, basi somo lenyewe halikueleweka, na mwalimu abadili njia yake ya kufundisha. Kwa hiyo kupima huku kwampima mtoto na kwapima mafundisho pia.

Mambo haya yamechunguzwa na wenye elimu. Katika 1988, Ruth Butler alitoa habari za watoto wa shule katika nchi ya Israeli. Wengine walirudishiwa kazi zao zikiwa na alama tu. Wengine walipewa maelezo ya maandishi bila alama. Wengine walipewa vyote viwili. Waliopewa maelezo peke yake ndio walioendelea mbele. Wale waliopewa alama pamoja na maelezo hawakuwapita waliopewa alama tu. Kwa maoni yangu sababu ni wazi: mtoto akiiona alama huitazama hiyo, hutazama na ya mwenzake, na maelezo hayasomi. Na katika 1998, Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walikusanya uchunguzi mwingi wa watu wengine, wakaona kwamba kupima njiani kukifanywa vizuri huinua masomo, na hasa ya wale walio nyuma. Wale walio nyuma, Ndugu, wengi ni watoto wa watu kama sisi.

Hapa Kenya mtaala mpya ulianza kuenezwa shuleni 2019. Katika mpango wake, mtoto wa Gredi ya 6 hubeba asilimia 60 toka upimaji uliofanywa shuleni katika Gredi za 4, 5 na 6, na asilimia 40 toka ule mtihani wa KPSEA ulioanza 2022. KPSEA haimzuii mtoto kuendelea na Gredi ya 7. Nia yake ni nzuri. Lakini kubadili jina si kubadili kazi. Ikiwa shule yanunua karatasi za mtihani wa kufungua muhula, wa katikati na wa kufunga, nasi twalipa, kisha mtoto aletewa namba tu bila kuonyeshwa alipokosea, basi ile ni mitihani ya mwisho wa safari mitatu badala ya mmoja.

Nasi wazazi tuna la kutenda. Mtoto apewa kazi ya kutengeneza kitu nyumbani, baba atengeneza, ama mama anunua. Hapo amepimwa nani? Na mwingine huona "chini ya matarajio" akachukua fimbo. Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi. Nyumbani, mtoto anayepigwa kwa kosa hujifunza kulificha kosa lake, na kosa lililofichwa halitengenezeki.

Wala tusimlaumu mwalimu bure. Yeye naye ni mfanya kazi. Mwenye watoto 60, akitazama daftari moja kwa dakika tatu, amemaliza saa tatu kwa somo moja la siku moja. Tukitaka apime kama nilivyosema, yatupasa tuunge mkono madai ya kuongeza waalimu.

Basi naleta mambo matatu mbele ya mkutano.

Kwanza, kila mzazi aombe daftari na karatasi zilizosahihishwa, asitosheke na namba. Amwulize mwalimu maswali haya: Mtoto wangu ajua nini? Hajui nini? Tufanye nini kabla ya muhula kwisha?

Pili, kabla ya kulipia karatasi za kununua, tuulize katika mkutano wa wazazi kama watoto watarudishiwa na kufafanuliwa.

Tatu, halmashauri ya tawi izungumze na wakubwa wa kazi juu ya zamu. Mtu wa zamu ya usiku hulala mchana, na wa mchana hapati ruhusa, na mikutano ya wazazi hupita bila sisi. Tuombe nusu siku kwa muhula, ipangwe mapema katika orodha ya zamu. Si ombi kubwa.

Yakikubaliwa, yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu, tuulizane muhula ujao yametendwa ama hayakutendwa.